Mkorogo si kinga ya jua

"Dokta, nipatie losheni ya jua, ile inayong'arisha." Wasichana wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, wananiuliza hivyo, na siku hizi wavulana pia. Mama zao wakifika kliniki kwa shida nyingine kabisa, swali ni lile lile. Naandika ili nisilijibu tena mmoja mmoja: losheni hiyo haipo. Kinachouzwa kwa jina hilo kwenye meza za soko la kambi na katika masoko ya Lilongwe ni mkorogo, krimu ya kuchubua ngozi, na mkorogo unamnyang'anya mtu kinga aliyozaliwa nayo.

Kinga hiyo ilishapimwa. Mwaka 1979 watafiti walilinganisha mionzi ya urujuanimno inayopenya tabaka la juu la ngozi nyeusi na nyeupe. Kwa kipimo kile kile cha SPF mnachokisoma kwenye chupa za losheni, ngozi nyeusi ilipata 13 na ushee, nyeupe 3 na ushee. Tofauti kubwa inatokana na melanini. Haidrokwinoni iliyomo kwenye mikorogo mingi humzuia mtu kutengeneza melanini. Zebaki nayo hufanya hivyo, kisha huingia mwilini na kuharibu figo. Klobetasoli, dawa kali ya steroidi ambayo sisi huiandika kwa wiki chache tu, huikondesha ngozi yenyewe mpaka mishipa inaonekana. Binti anapaka usiku, na asubuhi anasimama mstarini shuleni akiwa na kinga pungufu kuliko ya jana. Huo ndio ulinzi wa jua aliouziwa.

Na jua lenyewe si la kubembelezwa. Lilongwe iko nyuzi 14 kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hutusimamia utosini: mwishoni mwa Oktoba na katikati ya Februari. Tamasha la Tumaini, linalokusanya vijana Dzaleka tangu 2014, kwa kawaida huangukia karibu na kipindi kile cha kwanza. Uso uliochubuliwa ukikaa uwanjani siku nzima, unaungua. Ukiungua, unajitetea kwa kutoa weusi, tena kwa mabaka. Binti anaona mabaka, anaongeza mkorogo. Baada ya miaka ya haidrokwinoni, mashavu yanaweza kuingia weusi wa samawati, na huo sina dawa ya uhakika ya kuuondoa.

"Lakini mwenzangu aling'aa." Ndiyo, aling'aa. Miezi ya kwanza mkorogo unafanya kazi, ndiyo maana unauzika. Mtazameni viungo vya vidole, vinavyobaki vyeusi, kisha mrudieni baada ya misimu miwili ya Oktoba.

Hata hivyo lawama zangu haziishii kwa muuzaji. Yeye amemwelewa kijana wa miaka 16 kuliko sisi watu wa afya. Anamzungumzia uso wake wa leo, macho ya wenzake, picha ya simu. Sisi tunamtishia saratani. Kwa kijana mwenye ngozi nyeusi, saratani iletwayo na jua ni nadra mno. Anamwona bibi yake aliyelima juani maisha yote bila uvimbe wowote, na anaacha kutusikiliza hata pale tunaposema kweli. Brazil walijaribu njia nyingine: wanafunzi wa sekondari walionyeshwa nyuso zao wenyewe zilizozeeshwa na jua kwa programu ya simu, na miezi sita baadaye waliopaka kinga kila siku walikuwa wameongezeka. Kwetu makunyanzi hayamtishi mtu mapema. Mwambieni jambo analoliona kwenye kioo: alama nyeusi za chunusi hukaa muda mrefu zaidi zikipigwa jua. Hilo ni kweli, na linamhusu wiki hii.

Kwa kijana mwenye ualbino hali ni nyingine kabisa. Kwake jua huharibu ngozi tangu utotoni, na saratani huja mapema. Lakini naye ni kijana. Kofia pana anaivua kwa sababu ni yeye peke yake darasani aliyeivaa, na katika nchi ambayo watu kama yeye wamewindwa tangu mwishoni mwa 2014, kuonekana kwa mbali si jambo dogo. Walimu wakuu, ruhusuni kofia kwa darasa zima. Hotuba zangu zote hazifikii hapo.

Sasa ya kufanya, haraka. Kivuli kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, mwavuli au kitenge kichwani, mikono mirefu. Losheni ya SPF 30 au zaidi, ya kutosha, irudiwe kila baada ya saa mbili. Ikiacha uso kama umepakwa chokaa, tafuteni aina nyingine, kwani kijana hatarudia kuipaka. Wenye ualbino waulize hospitali ya wilaya na chama chao, APAM, kuhusu Kilisun, losheni inayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kwa ajili yao. Krimu inayoonya isiguse dhahabu, fedha au alumini, itilieni shaka ya zebaki. Na mliokwisha kutumia klobetasoli kwa miezi, msiache ghafla: uso utawaka na kufura vipele, nanyi mtaurudia mkorogo. Njooni na kopo lenyewe, tupunguze pamoja.