Chuma cha Zamani au Kipya cha Boksi?

Ulishawahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa wachumba, ukafika ukakuta chanzo chake ni wewe mwenyewe? Basi hayo ndiyo yaliyonikuta Ujiji.

Iko hivi. Mdogo wangu anauza vitenge pale Mwanga, Kigoma mjini, na kwa miaka miwili amekuwa akipiga picha za sendofu na kicheni pati kwa kamera ya kuazima. Zamu yake ya upatu ilipofika, akashika laki nane mkononi. Kitu cha kwanza, akanipigia simu: "Dada, ile Nikon yako ya zamani niuzie mimi." Nami, kusema ukweli, nilikuwa naitafutia mteja. Tukakubaliana laki saba.

Mchumba wake aliposikia akaja juu. Yeye alikuwa ameshaona kamera nyingine ndogo kwa rafiki yake wa kazini, imetumika kidogo, bado na boksi lake, kwa bei hiyo hiyo. "Dada yako anakutupia chuma chakavu," akasema. Mdogo wangu akamjibu neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Siku tatu hawasemezani, na harusi yao imepangwa Desemba! Mama mdogo ndiye aliyenipigia: "Hebu njoo na hiyo kamera yako, uyamalize."

Nikafunga safari.

Wagombea wenyewe

Yangu ni Nikon D700, iliyotangazwa Julai 2008. Enzi zake ilikuwa kamera ya watu wa kazi: magazeti, harusi kubwa, mpira. Mwili wake ni wa magnesiamu, una vizuizi vya vumbi na unyevu, na uzito unakaribia kilo moja kabla hujaweka betri wala lenzi. Ina megapikseli 12.

Ile ya rafiki wa shemeji ni Nikon D3500, iliyotangazwa Agosti 2018, miaka kumi baadaye. Hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanza. Nayo haitengenezwi tena, lakini kwa mkono wa pili bado inapatikana. Ina gramu 415 tu pamoja na betri na kadi, na megapikseli zake ni 24, mara mbili ya yangu.

Kwa hesabu za kijiweni, mchezo umeisha: 24 kwa 12. Shemeji alinionyesha namba hizo kwenye simu huku anatabasamu. Nikamwambia, "Shem, twende kwanza ziwani, halafu kesho tuna sendofu. Tutaongea baada ya hapo."

Kibirizi, saa kumi na moja jioni

Kama hujafika Kibirizi, ni ule mwalo wa kaskazini mwa mji ambako maboti ya kwenda Gombe na vijiji vya mwambao yanapakia abiria, magodoro na madumu ya mawese kwa pamoja. Jua la Kigoma halizami kwenye ardhi yetu. Linazama ng'ambo, nyuma ya milima ya Kongo, na ziwa lote linageuka rangi ya mawese.

Nikampa mdogo wangu kamera zote mbili, moja kila bega. Baada ya nusu saa chuma changu kikawa kimeshuka begani na kuhamia kwangu. "Dada, hii shingo yangu bado naihitaji Desemba," akasema.

Na kwa mwanga ule mzuri, kadogo kalifanya kazi jamani. Tulipiga picha moja ya wavuvi wakisukuma mtumbwi, tukaikata tubakishe mtu mmoja tu, na sura yake ikabaki safi. Hapo ndipo megapikseli nyingi zinapokusaidia: unapokata, au unapotaka picha kubwa ya ukutani. Kisha kamera ikaunganishwa na simu kwa bluutuuthi, na picha ndogo ndogo za megapikseli 2 zikaanza kuingia zenyewe. Hazijavuka dakika nyingi, ziko kwenye status.

Na mimi? Nilikuwa nimesahau kisomea kadi Dar es Salaam. D700 inatumia kadi nene za zamani za CompactFlash, ambazo haziingii kwenye tundu la kadi za siku hizi. Tulizunguka maduka ya simu Mwanga mpaka miguu ikauma. Shemeji hakusema kitu. Alikohoa tu.

Tukiwa pale mwaloni niliwasimulia habari ya Gombe. Mwaka 1962 Mholanzi mmoja, Hugo van Lawick, alifika huko na kamera zake za filamu kumpiga picha Jane Goodall, aliyekuwa ameanza kuchunguza sokwe mtu tangu 1960. Mwaka 1964 wakaoana, na mwaka 1974 wakaachana, lakini kazi waliyoifanya pamoja iliifanya dunia nzima iijue misitu ya Kigoma. Fikiria: filamu yenye idadi ndogo ya picha, unyevu wa ziwa, na mnyama mweusi ndani ya kivuli cha msitu. Kilichombana ni mwanga. Ndicho kitu kinachombana mdogo wangu pia, ila yeye msitu wake ni ukumbi.

Sendofu, saa nne usiku

Ujiji usiku ni mji mwingine. Mchana wageni wanakuja kuona penye kumbukumbu ya Stanley kukutana na Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha chini ya miembe, wanaondoka. Usiku mji unabaki wa wenyewe: ngoma, manukato, vitenge vilivyoshonwa sare.

MC akaamuru taa kubwa zizimwe, zibaki za rangi. Mama wa binti akasimama, akamfunika mwanawe kitenge kipya mabegani, na ukumbi mzima ukanyamaza. Tukio la sekunde nne tano. Halirudiwi.

Kadogo kakahangaika. Lenzi yake ya kuanzia, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Kamera ikapandisha usikivu wa mwanga, picha ikajaa chenga, na mkono wa mama ukatoka kama moshi. Mdogo wangu akawasha flashi ndogo ya juu. Mama akatoka uso unang'aa kama aliyepakwa mafuta, nyuma yake giza totoro.

Mimi nilikuwa na lenzi yangu ya zamani ya milimita 50, inayofunguka mpaka f/1.8. Hiyo inaingiza mwanga karibu mara 10 kuliko ile nyingine ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Tena sensa ya D700, kile kibao kinachopokea mwanga, ina eneo zaidi ya mara mbili ya sensa ya kadogo, na pikseli zake ni chache, kwa hiyo kila moja ni pana na inakusanya mwanga zaidi. Nikabonyeza mara tatu. Picha ya pili ilikuwa na kila kitu: ngozi ya mama kwa rangi yake halisi, maua ya kitenge, na chozi ambalo wengi ukumbini hawakuliona.

Nilimgeukia shemeji. Safari hii nilikohoa mimi.

Lakini usinipigie makofi bado. Tukabadilishana lenzi. Ile 50 yangu ikafungwa kwenye kadogo, na picha zikawa nzuri ajabu, karibu na zangu. Tatizo ni kwamba haikujilenga yenyewe. D700 ina mota ndani ya mwili inayozungusha lenzi za zamani, D3500 haina. Mdogo wangu akawa anazungusha kwa vidole gizani, na kati ya picha kumi akapata tatu. Kwa kamera ile unahitaji lenzi ya aina mpya yenye mota yake ndani.

Halafu baba wa binti akatufuata, mpole kabisa: "Wanangu, na video?" D700 hairekodi video hata sekunde moja. Mdogo wangu akanyanyua kadogo na kurekodi, ingawa hata hako hakana tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje, na sauti ya spika za ukumbini ilitoka imekwaruza.

Kumbe ugomvi haukuwa wa kamera

Usiku ule, tukila migebuka kwa ugali nyumbani kwa mama mdogo, nikawauliza kila mmoja swali moja: unaogopa nini?

Mdogo wangu akasema, "Naogopa kuchekwa. Nimeshamharibia mtu mmoja picha za usiku. Mpaka leo nikikutana naye sokoni nabadilisha njia."

Shemeji akachezea kipande cha samaki muda mrefu. "Miezi miwili mauzo ya vitenge yalipokuwa mabaya, mchezo wake nililipa mimi. Sikumwambia, nilimpa mshika fedha. Hiyo kamera ya dada ikifa, fundi yuko Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Tutaanza ndoa na deni."

Mdogo wangu akaacha kula. Hakuwa anajua.

Unaona sasa? Mmoja alikuwa anapima picha, mwingine anapima hasara, na kila mmoja akaona mwenzake hamsikilizi. Digrii yangu ya mawasiliano nimeipata chuo kikuu, lakini somo hilo nimelisoma upya kwenye sahani ya migebuka.

Na chuma changu? Nikawaambia ukweli. D700 iko imara, na mtengenezaji aliipima shata yake kwa mibonyezo 150,000, lakini yangu imeshavuka laki moja. Kama ningemuuzia mtu baki ningemwambia hivyo. Nikaona haya kwamba mdogo wangu sikuwa nimemwambia.

Wakanunua kadogo. Mwenye nayo aliposikia kuna harusi akakubali laki sita na nusu, na laki na nusu iliyobaki imewekwa kando kwa ajili ya lenzi ya f/1.8 yenye mota. Mpaka lenzi hiyo ipatikane, kazi za usiku anapokea kwa masharti, na anamwambia mteja mapema.

Kabla hujatoa hela yako

Jiulize kwanza pesa yako inatoka kwenye picha za namna gani: mchana, usiku au video. Kamera kongwe ya kazi inafaa mwenye kamera ya pili na fundi wa karibu.

Ukinunua mkono wa pili, uliza idadi ya mibonyezo, na usikubali jibu la "haijatumika sana". Ndugu naye muulize.

Bajeti ikibana, punguza kwenye mwili wa kamera, ongeza kwenye lenzi. Namba ya megapikseli haiwashi taa ukumbini.

Na kama pesa ni ya wawili, semeni hofu zenu kabla hamjaenda dukani.

Ile picha ya mama na kitenge tuliisafisha Dar, nikaituma Ujiji ikiwa kwenye fremu. Mama wa watu hakuulizia picha nyingine yoyote. Mdogo wangu naye amenipa oda moja tu: siku ya harusi yao Desemba, video atapiga mtu na kadogo, ila ukumbini, taa zikizimwa, niwe nimesimama mbele na chuma changu. Kisomea kadi nimeshakiweka kwenye mkoba.