Tundu la Kamera na Mwanga wa Ziwa

Watu wenye kamera hapa Mwanza hutuuliza mara kwa mara swali moja: kwa nini picha moja hutoka njema, na ya pili, iliyopigwa mahali pale pale na siku ile ile, hutoka nyeusi kama masizi au nyeupe kama chokaa? Mara nyingi kosa si la kamera wala la bahati, bali ni la tundu. Leo twapenda kueleza tundu hilo ni nini, na jinsi ya kulichagua.

Mtazame paka atokapo jikoni penye giza na kuketi juani. Mboni ya jicho lake hujifinya ikawa kama uzi. Akirudi gizani hupanuka tena. Kamera nayo ina mboni yake. Ndani ya lenzi mna vipande vyembamba vilivyopangwa kwa duara, navyo hufunguka na kufumba ili kuachia mwanga mwingi au mchache. Nafasi iliyo katikati yao ndiyo tundu.

Tundu hupimwa kwa namba hizi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Wengi hutatizwa kwa kuwa namba kubwa ni tundu dogo. Lakini hiyo ni hesabu ya sehemu tu, kama wanafunzi wetu wafundishwavyo darasani. Lenzi yenye urefu wa milimita 50, ikiwekwa kwenye 2, tundu lake lina upana wa 50 kugawanya kwa 2, yaani milimita 25. Ikiwekwa kwenye 16, upana ni kama milimita 3 tu. Na kila upandapo hatua moja katika namba hizo, mwanga uingiao hupungua kwa nusu.

Basi tuanze na jua la mchana. Tuseme wepesi wa filamu, au wa kamera ya kidijitali, ni 100, na kilango cha kamera hufunguka kwa 1/125 ya sekunde. Tazama kivuli chako chini. Kikiwa kizito na ukingo wake ni dhahiri, weka 16. Ukingo ukiwa laini, weka 11. Kivuli kikionekana kwa shida, weka 8. Kisipoonekana kabisa kwa ajili ya mawingu mazito, weka 5.6. Na mtu akiketi barazani au chini ya mwembe, huku jua likiwaka nje, weka 4. Ufukweni, ambapo mchanga mweupe na maji hurudisha mwanga machoni, huenda ukahitaji 22.

Tundu lina kazi ya pili, nayo ni kuamua ni vitu vingapi vitakavyoonekana wazi. Ukitaka mtumbwi ulio karibu nawe uonekane sawa na Mwamba wa Bismarck ulio nyuma yake, tumia tundu dogo, 11 au 16. Ukitaka uso wa mwanamke anayeanika dagaa, bila fujo ya watu na makapu walio nyuma, tumia tundu kubwa, 4 au 2.8, walio nyuma watafifia. Hapo hapana budi kulenga macho yake kwa uangalifu, kwani kosa dogo huharibu picha. Wala usidhani kuwa tundu dogo kabisa ndilo bora siku zote. Mwanga ukipita penye nafasi finyu sana hutawanyika, na picha hupoteza ukali wake.

Twasema hayo kwa kuwa sisi wenyewe tulijifunza kwa hasara. Alasiri moja, yapata saa kumi, tulimsimamisha mama yetu mzazi ufukweni, ziwa na jua vikiwa nyuma yake. Maji yaling'aa sana, nasi tukaweka 16, kama ipasavyo kwa maji hayo. Baada ya miezi michache mama akafariki, na hatukuwa tumempiga picha nyingine. Picha hiyo twaitunza hata leo. Majabali yaonekana, tanga la mvuvi laonekana, hata mikunjo ya khanga yake pembeni penye mwanga. Uso wake ni giza tupu.

Tulikuwa tumelipimia ziwa mwanga, wala hatukumpimia mama. Mtu mwenye jua nyuma yake, uso wake umo kivulini, hata akisimama peupe. Ilitupasa kufungua tundu hatua tatu, kutoka 16 mpaka 5.6, na kuliacha ziwa liwe jeupe. Kamera yenye kipimo chake yenyewe nayo hudanganyika vivyo hivyo, kwa kuwa hupima wastani wa vyote ivionavyo. Yafaa usogee karibu mpaka uso ujae, upime, ndipo urudi nyuma upige. Simu nyingi za mkononi haziwezi kubadili tundu, lakini ukigusa uso wa mtu kwenye kioo, simu nayo huupimia mwanga uso huo.

Kwa zoezi, mchukue mwenzako nje juani, umpige picha tatu: ya kwanza kwa 16 na 1/125, ya pili kwa 11 na 1/250, ya tatu kwa 8 na 1/500. Mwanga utakuwa sawa katika zote tatu, kwa maana ulichoongeza kwenye tundu umekipunguza kwenye muda. Angalia nyuma yake tu, uone jinsi panavyobadilika, ukaandike namba zako katika daftari. Na kama wazee wako wangali hai, anza na wao.