Programu bila hati: hasara inayojificha hadi siku ya mahesabu

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayesubiri kontena lake bandarini anajua kwamba halitoki bila hati ya shehena, ankara na karatasi inayoonyesha mzigo umetoka wapi. Lakini mtu huyo huyo hununua programu ya kutunza hesabu za duka, au huweka akiba yake katika hisa za kampuni ambayo kazi zake zote hupita kwenye kompyuta, bila kuuliza hati hata moja.

Hati zenyewe zipo. Katika programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, autumie na kuurekebisha kwa masharti ya leseni, hati hizo huitwa metadata ya mradi. Kwa kawaida ni faili moja dogo linalokaa juu kabisa ya mafaili mengine. Waandishi wa JavaScript huliita package.json, wale wa Java pom.xml, na wale wa Python pyproject.toml. Humo huandikwa jina la mradi, namba ya toleo, leseni, majina ya watunzaji, mahali msimbo ulipohifadhiwa, na orodha ya programu nyingine ambazo mradi huo unazitegemea ili ufanye kazi.

Ni kazi isiyo na sifa. Mtaalamu wa kompyuta hufurahia kuandika msimbo kama mfanyabiashara anavyofurahia kuuza. Kujaza leja ya stoo humwachia mwingine, na mara nyingi huyo mwingine hayupo. Matokeo yake huonekana baada ya miaka, na anayelipa si aliyeacha kujaza.

Mfano unaopaswa kuwavutia wawekezaji ni ule wa kampuni ya Cisco ya Marekani. Machi 2003 Cisco ilitangaza kuinunua Linksys, watengenezaji wa vifaa vya mtandao wa nyumbani, kwa hisa zenye thamani ya takriban dola milioni 500. Miongoni mwa bidhaa zilizokuja na ununuzi huo ilikuwa ruta ya WRT54G, iliyokuwa ikiuzika sana. Miezi michache baadaye wataalamu walioichunguza waligundua kuwa ndani yake kuna msimbo wa Linux, ambao leseni yake, GPL, inamtaka anayeuza kifaa chenye msimbo huo ampe mnunuzi msimbo wote unaohusika. Linksys haikuwa imefanya hivyo.

Chipu zilitoka Broadcom, na programu ilikuja nazo baada ya kupita mikononi mwa wakandarasi. Kila aliyeipokea aliipitisha mbele bila karatasi inayosema kilichomo na masharti yake. Cisco, iliyokuwa mwisho wa mnyororo huo, ndiyo iliyobaki na mzigo. Mwaka huo huo wa 2003 msimbo ulitolewa hadharani, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt ambao hadi leo unatumika katika ruta za aina nyingi. Mvutano haukuishia hapo. Desemba 2008 taasisi ya Free Software Foundation iliishtaki Cisco mahakamani kwa kutotimiza masharti ya leseni katika bidhaa kadhaa za Linksys. Shauri lilimalizwa kwa maelewano Mei 2009, ambapo Cisco ilikubali kuteua mtu wa kusimamia utekelezaji wa leseni hizo na kuichangia taasisi hiyo fedha ambazo kiasi chake hakikutajwa.

Mnunuzi wa kawaida anaweza kudhani kwamba programu isiyotaja leseni ni ya bure. Ni kinyume chake. Chini ya Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kazi inalindwa tangu inapoandikwa, hata kama mwenyewe hakutamka lolote. Asiyetoa leseni amebaki na haki zake zote. Nafasi tupu katika faili la metadata, kwa hiyo, ni zuio. Na anayejenga biashara juu yake amejenga kwenye kiwanja cha mtu.

Ili kuondoa utata huo, Linux Foundation inasimamia mfumo uitwao SPDX, unaozipa leseni majina mafupi yasiyobadilika, ili MIT ya mradi mmoja iwe ndiyo MIT ya mwingine. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2021 mfumo ukawa kiwango cha kimataifa kwa namba ISO/IEC 5962. Hata Linux yenyewe ilichelewa: ni mwaka 2017 tu ambapo watunzaji wake walianza kuyawekea majina hayo maelfu ya mafaili yaliyokuwa hayana alama yoyote ya leseni.

Leseni ni upande mmoja. Upande wa pili, ambao soko la hisa limeuonja kwa uchungu zaidi, ni orodha ya vilivyomo.

Machi 7, 2017 mradi wa Apache Struts ulitangaza kasoro kubwa katika programu yake na kutoa matoleo yaliyorekebishwa. Kwa upande wa mradi hati zilikuwa safi: matoleo yenye kasoro yalitajwa kwa namba, na yaliyo salama yalitajwa pia. Tangazo hilo lilifika katika kampuni ya Equifax ya Atlanta, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya wananchi wa Marekani, na agizo likasambazwa ndani ya siku mbili kwamba marekebisho yafanyike katika saa 48.

Hayakufanyika. Ripoti ya Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2018 ilieleza kuwa orodha ya waliotumiwa agizo ilikuwa imepitwa na wakati, hivyo waliopaswa kulitekeleza hawakulipata. Upekuzi wa mitambo uliofanywa baadaye mwezi huo nao haukuigundua Struts ilipokuwa. Kampuni haikuwa na daftari kamili la kuonyesha ni programu gani imefungwa kwenye mtambo upi. Kwa lugha ya stoo, bidhaa mbovu ilitangazwa, namba ya bechi ikatolewa, lakini mwenye duka hakujua imepangwa rafu gani.

Wezi waliingia katikati ya Mei na kuchota taarifa hadi mwisho wa Julai. Kampuni ilipotangaza habari hizo Septemba 7, 2017, hisa yake ilikuwa imefunga kwa karibu dola 143. Wiki moja na siku moja baadaye ilikuwa karibu dola 93. Aliyekuwa na hisa 100 alipoteza takriban dola 5,000 bila kuuza hata moja. Walioathirika kwa taarifa zao walikuwa kama watu milioni 147, na Julai 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 575 au zaidi, hadi kufikia milioni 700. Ofisa mmoja wa zamani aliyeuza hisa zake kabla ya umma kujua alihukumiwa kifungo mwaka huo huo. Mwekezaji mdogo hakuwa na njia hiyo ya kukimbilia, na hakupaswa kuwa nayo.

Desemba 2021 ilitokea nyingine, safari hii katika Log4j, programu ndogo ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali wa kasoro yake. Wengi hawakuwahi kuichagua. Iliingia ikiwa ndani ya programu nyingine, nayo ndani ya nyingine. Wenye orodha kamili walitafuta jina na namba ya toleo. Wasio nayo walifungua mitambo yao mmoja mmoja.

Namba ya toleo nayo ina thamani ambayo haionekani mara moja. Agosti 2023 HashiCorp ilibadili leseni ya programu yake ya Terraform: matoleo hadi 1.5 yanabaki chini ya leseni huria ya MPL, kuanzia 1.6 masharti yanazuia kushindana na kampuni. Machi 2024 Redis nayo ilibadili, ikiacha leseni yake ya awali katika matoleo ya 7.2 kurudi nyuma. Anayeandika "tunatumia Redis" bila namba hajasema kitu kwa mwanasheria wala kwa mkaguzi.

Serikali zimeanza kudai orodha hizo. Amri ya Rais wa Marekani ya Mei 12, 2021 ilizitaja kuwa sehemu ya manunuzi ya serikali, na Julai mwaka huo vikatajwa vipengele saba vya chini kabisa, vikiwemo jina la aliyetoa kijenzi, jina la kijenzi, toleo na uhusiano wa utegemezi. Ulaya imekwenda mbali zaidi. Kanuni yake namba 2024/2847, iliyoanza kuwa sheria Desemba 10, 2024, itataka kuanzia Desemba 11, 2027 bidhaa zenye programu zinazouzwa katika soko la Umoja wa Ulaya ziwe na orodha ya vijenzi. Faini inaweza kufika euro milioni 15 au asilimia 2.5 ya mauzo ya mwaka ya dunia nzima, kutegemea ipi ni kubwa. Kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam inayouza programu yake huko haitasamehewa kwa kuwa iko mbali.

Kwa mnunuzi wa hapa, swali la kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa malipo ya awali ni fupi: orodha ya vijenzi iko wapi, kila kimoja kina toleo gani na leseni gani, na nani anayeihuisha orodha hiyo baada ya fundi wa kwanza kuondoka. Anayeweza kuitoa siku hiyo hiyo ana stoo iliyopangwa. Anayeomba wiki mbili apunguziwe bei, au aachwe.