Kupunguza Kelele za Redio Zitokanazo na Jenereta Saidizi ya Lori: Chanzo, Njia na Tiba

1.0 Usuli wa tatizo

Dereva wa lori la mizigo nchini Marekani haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 pasipo kupata mapumziko ya saa 10 mfululizo. Wengi huyapata mapumziko hayo ndani ya lori lenyewe, katika chumba kidogo cha kulala kilichopo nyuma ya viti. Kwa miaka mingi injini kuu iliachwa ikinguruma usiku kucha ili kuendesha kiyoyozi au kipasha joto, huku ikitumia takribani lita 3 za dizeli kwa saa. Gharama hiyo, pamoja na sheria za kudhibiti moshi, imeibadili desturi. Katika jimbo la California, kwa mfano, tangu mwaka 2008 hata lori lenye chumba cha kulala haliruhusiwi kuacha injini kuu ikinguruma zaidi ya dakika 5, isipokuwa injini hiyo iwe imethibitishwa kuwa ya moshi mdogo.

Badala yake imeenea jenereta saidizi: injini ndogo ya dizeli inayofungwa ubavuni mwa fremu, ikizungusha alteneta ya volti 12 au jenereta ya mkondo geu wa volti 120. Mtambo huu umetatua tatizo la mafuta na kuleta jingine. Mara unapowashwa, redio za kebini hujaa mkwaruzo.

Tatizo hili si la starehe tu. Mbali na redio ya CB, ambayo madereva hupashana habari za barabara kwenye chaneli yake ya 19 katika masafa ya 27.185 MHz, malori mengi hubeba kipokezi cha taarifa za hali ya hewa. Taarifa hizo hurushwa na taasisi ya serikali, NOAA, katika chaneli 7 zilizo kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Usiku, kipokezi hicho huwekwa katika hali ya kungoja: hukaa kimya mpaka kipate ishara ya onyo, ikiwamo mlio wa 1050 Hz, ndipo kifungue sauti. Kelele ya jenereta ikizidi nguvu ya kituo, ishara hiyo haitambuliki na kipokezi kinaendelea kunyamaza. Kwa aliyelala Oklahoma au Kansas katika majira ya tonado, ukimya wa kipokezi kilichozibwa haupambanuki na ukimya wa usiku mtulivu. Hatari ya aina hii haijitangazi, na ndiyo sababu inastahili uchunguzi wa makini kuliko mkwaruzo wa CB, ambao angalau husikika.

Neno kelele linatumika katika makala haya kwa maana ya kiufundi: ishara yoyote isiyotakiwa ndani ya kipokezi, hata kama haijafika sikioni.

2.0 Kelele inazaliwa wapi

Dhana iliyozoeleka ni kwamba injini ndiyo inayopiga kelele. Dhana hiyo ilirithiwa kutoka injini za petroli, ambazo plagi zake hutoa cheche na kila cheche hutawanya nishati katika masafa mengi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la mgandamizo. Kwa hiyo atafutaye kelele ndani ya injini ya jenereta saidizi ya dizeli anatafuta mahali pasipo nayo. Vyanzo vyenyewe ni vifaa vya umeme vilivyoizunguka, na tabia zao hazifanani.

Alteneta hutoa mkondo geu wa fezi 3 ambao dayodi huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, lakini unyoofu huo hubaki na mawimbi madogo. Alteneta yenye ncha 12 za sumaku hutoa mawimbi 36 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, mawimbi hayo ni 1800 kwa sekunde. Hiyo ni sauti inayosikika kwa sikio, mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri injini inavyoongeza au kupunguza kasi. Si wimbi la redio. Huingia kipokezini kupitia waya wa umeme na kujipenyeza moja kwa moja katika saketi za sauti. Tofauti hii ina uzito mkubwa kiutendaji, kwani pete za feriti ambazo wengi hukimbilia kuzinunua hazifanyi lolote katika 1800 Hz.

Inveta na chaja ya betri ni jambo jingine kabisa. Vifaa hivi hukata na kuunga mkondo kwa transista maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ukataji wa ghafla huzaa hamoniki, yaani vigawe vya masafa ya msingi vinavyoendelea hadi juu sana. Tuchukue inveta inayokata mkondo mara 50,000 kwa sekunde. Hamoniki zake hupangana kila baada ya 50 kHz, hivyo 9 kati yake huangukia ndani ya bendi nzima ya CB, kati ya 26.965 na 27.405 MHz. Hamoniki ya 544 huwa kwenye 27.200 MHz, nje kidogo ya chaneli ya 19. Lakini inveta ikipata joto na masafa yake ya msingi yakashuka hadi 49.97 kHz tu, hamoniki ileile huhamia 27.184 MHz, karibu juu kabisa ya chaneli hiyo. Mabadiliko ya 30 Hz kwenye chanzo yametosha kuifunika. Hapa pana maelezo ya malalamiko ambayo mafundi huyapuuza kwa urahisi: kwamba redio ilikuwa njema jioni ikaharibika usiku wa manane, au kwamba chaneli moja imekufa na ya jirani ni safi.

Feni za kupuliza hewa nazo hutoa kelele, hasa zile ambazo kasi yake hudhibitiwa kwa kukata mkondo.

3.0 Kebo inapogeuka antena

Boksi la inveta lenye ukubwa wa kitabu ni dogo mno kuwa antena nzuri katika 27 MHz. Kinachorusha kelele ni waya zinazotoka humo. Urefu wa wimbi katika 27.185 MHz ni mita 11.03, na robo yake ni mita 2.76. Kebo inayotoka kwenye jenereta kupitia fremu hadi kebini huwa na urefu wa mita kadhaa. Kwa maneno mengine, fundi aliyefunga jenereta hiyo ametandika, bila kukusudia, antena ya CB chini ya lori.

Hata hivyo, si kila mkondo ulio ndani ya kebo hurusha mawimbi sawasawa. Mkondo unaokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine ulio ubavuni mwake hujifuta wenyewe kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sehemu zake mbili zinapingana. Mkondo wa pamoja, yaani ule unaosafiri upande mmoja katika waya zote na kurudi kupitia fremu au hewani, haujifuti. Kiasi kidogo sana cha mkondo wa pamoja huleta madhara kuliko kiasi kikubwa cha mkondo wa kwenda na kurudi. Tiba nyingi hushindwa kwa sababu humlenga asiyehusika.

Ufungaji wenyewe huongeza tatizo. Jenereta hukalishwa juu ya mipira ya kupunguza mtikisiko, na mipira haipitishi umeme. Ili kuiunganisha na fremu, fundi huweka waya wa duara wenye urefu wa sentimita 30 hivi. Kwa umeme wa betri waya huo ni barabara pana. Kwa redio una induktansi ya takribani mikrohenri 0.3, ambayo katika 27 MHz ni sawa na kizuizi cha omu 51. Mita ya fundi itaonyesha sifuri na fundi ataapa kwamba muunganisho ni mzuri, naye hasemi uongo. Amepima kitu kingine.

Sheria haimsaidii sana dereva. Kanuni za mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, zinavisamehe viwango vya kiufundi vifaa vya kidijiti vinavyotumika ndani ya vyombo vya usafiri pekee, ingawa katazo la kuleta usumbufu wenye madhara linabaki. Kiwango cha kimataifa CISPR 12 hulinda vipokezi vilivyo nje ya gari, na mipaka yake huanzia 30 MHz, juu ya bendi ya CB. CISPR 25 ndicho kinacholinda vipokezi vya gari lenyewe, lakini ni kiwango ambacho watengenezaji hukitumia gari likiwa bado kiwandani, ilhali jenereta saidizi nyingi hufungwa baadaye, katika karakana.

4.0 Uchunguzi kabla ya tiba

Majaribio machache yasiyohitaji chombo cha gharama hutosha kuitambua njia ya kelele. Injini kuu ikiwa imezimwa na jenereta ikiwa inafanya kazi, kebo ya antena huchomolewa nyuma ya redio. Kelele ikibaki, inaingia kwa waya wa umeme. Ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa antena. Kisha redio hulishwa kwa betri ya pembeni isiyounganishwa na lori, kuthibitisha jibu la kwanza. Baada ya hapo inveta, chaja na feni huzimwa kimoja kimoja, jenereta ikiendelea kuzunguka. Jaribio la mwisho hili ndilo lenye manufaa zaidi na ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa kuwa fundi huzima jenereta yote, kelele ikakoma, akadhani amekipata chanzo.

5.0 Tiba

Kwa mlio wa alteneta, kichujio cha koili na kapasita kwenye waya wa umeme wa redio kinafaa. Afadhali zaidi ni kuipeleka redio waya zake mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri, kila waya ukiwa na fyuzi yake karibu na betri.

Kwa kelele ya inveta na chaja, kazi hufanyika kwenye chanzo, si kwenye redio. Waya wa duara wa fremu hubadilishwa kwa utepe wa shaba uliosukwa, mpana na mfupi kadiri mtikisiko unavyoruhusu. Rangi hukwanguliwa hadi chuma kionekane, na kiungo hupakwa grisi ya kuzuia kutu, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula muunganisho kwa msimu mmoja.

Kisha huja pete za feriti. Aina ya 31, inayokusudiwa masafa ya 1 hadi 300 MHz, hufaa kwa CB na kwa chaneli za hali ya hewa pia. Pete huwekwa karibu kabisa na mahali kebo inapotoka kwenye kifaa, na kebo yote ya volti 120 hupita ndani yake: waya wa moto, wa nyutro na wa ardhi kwa pamoja. Kebo nyembamba ya paneli ya kuongozea, inayopanda hadi kitandani kwa dereva, isisahaulike. Mara nyingi ndiyo mkosaji. Kizuizi cha pete huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko, hivyo mizunguko 4 hutoa mara 16 ya mzunguko mmoja. Kanuni hiyo hutumika vizuri katika 27 MHz. Katika 162 MHz mizunguko mingi hukaribiana na kelele huruka kutoka mzunguko hadi mzunguko, hivyo ni bora kupanga pete kadhaa, kila moja ikipitiwa mara moja.

Kebo nene ya chanya ya betri haifai kuvishwa pete peke yake. Mkondo mnyoofu wa ampea 100 huijaza feriti sumaku mpaka ishindwe kufanya kazi. Hapo hutumika kapasita kati ya chanya na bodi ya mtambo, yenye miguu mifupi. Upande wa volti 120 unadai tahadhari kubwa zaidi: kapasita kati ya waya wa moto na bodi lazima iwe ya daraja Y, iliyobuniwa isifeli kwa kushikana. Kapasita ya kawaida ikishikana, bodi ya lori itakuwa na umeme na anayeshika mlango atapigwa shoti. Kwa sababu hiyohiyo waya wa ardhi haukatwi kamwe, hata kama kuukata kunapunguza kelele.

Kelele iliyobaki baada ya hayo inarushwa na boksi lenyewe au waya zake fupi. Katika 162 MHz robo ya wimbi ni sentimita 46 tu, hivyo hata kipande cha waya chenye urefu huo hutosha. Hapo dawa rahisi ni kuihamisha antena ya kipokezi hadi upande wa pili wa paa. Matokeo yapimwe kwa kituo dhaifu, si kwa kile chenye nguvu kilicho jirani, na yapimwe baada ya jenereta kufanya kazi kwa saa kadhaa, inveta ikiwa imeshapata moto.