Macho ya Manjano kwa Mja Mzito

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia kijana wa hapa Majengo kutuomba kombe. Mkewe ana mimba ya miezi saba; macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa, na chakula hakimpiti kooni. Nyumbani mama mkwe alikwisha kata shauri kuwa ni nyongo, akamchemshia mizizi.

Tulishika kalamu na zafarani, kisha tukasita. Kombe hili litaoshwa kwa maji gani?

"Ya kisima, sheikh."

Kisima hicho twakijua; ki hatua chache kutoka shimo la choo.

Tukakumbuka yaliyotokea kambi ya Dadaab mwaka 2012. Homa ya ini aina ya E, ambayo virusi vyake hupita katika maji yaliyoingiwa na kinyesi, ilishukiwa kuwapata watu 339. Walifariki 10, na 9 kati yao walikuwa wanawake waliotoka kujifungua. Mtu mwingine huugua wiki kadhaa akapona, bali mja mzito katika miezi mitatu ya mwisho ini lake huweza kushindwa kabisa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa katika kila wagonjwa 100 wa hali hiyo huweza kufa hata 20 hadi 25.

Manjano pia si ugonjwa mmoja. Huenda ikawa homa ya ini aina ya B, huenda ikawa malaria kali, na damu ndiyo itakayosema, si sisi wala mama mkwe. Ama mizizi, tunamheshimu aliyeichemsha, lakini ini ndilo linalozichuja dawa nyingi, na lililougua huongezewa mzigo na dawa isiyojulikana kipimo chake.

Tulimwambia kijana aite tuktuk, ampeleke mkewe Makadara jioni ile ile. Kombe tulimwandikia baadaye, likaoshwa kwa maji yaliyochemshwa. Tukiri kwamba miaka mingi tumeandika makombe bila ya kuuliza habari ya maji.

Hadi tunaandika haya bado yumo wodini, na mtoto anacheza tumboni. Wenye nyumba wamekubali kukifunika kisima, na maji ya kunywa sasa yanachemshwa. Kuhusu kulihamisha shimo la choo, bado tunazungumza nao.