Ukuta, Bati na Wimbi: Jinsi Wi-Fi Inavyosafiri Nyumbani

Siku hizi si ajabu kukuta nyumba yenye ruta moja na vifaa sita vinavyoitegemea: kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato mbili za wanafunzi, simu za wazazi na televisheni. Mtandao ukianza kusuasua, lawama huenda kwa kampuni, kisha kwa bando, na mwishowe familia hununua kifurushi kikubwa zaidi. Pengine kampuni kweli ina makosa. Lakini data ina safari mbili. Ya kwanza hutoka mbali hadi kwenye ruta, na hiyo ndiyo inayolipiwa. Ya pili ni ya mita chache tu, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, na hiyo haina bili. Mengi hupotea katika safari hii fupi, na mwenye nyumba anaweza kuirekebisha mwenyewe akijua kanuni zake.

Wi-Fi ni redio. Ruta hurusha mawimbi ya jamii ile ile yanayotuletea taarifa ya habari, ila haya ni mafupi zaidi. Ruta nyingi hutumia masafa ya aina mbili: gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na gigahezi 5, ambayo wimbi lake halizidi sentimita 6. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayokufikia hubaki robo. Ndani ya nyumba hupungua upesi zaidi, maana kila ukuta hunywa sehemu yake. Maji hunywa zaidi. Chuma hakinywi, hurudisha. Gigahezi 5 hubeba data nyingi kwa sekunde lakini hushindwa mapema na kuta. Gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila bendi yake ina msongamano: iko pamoja na oveni za maikrowevu, spika na vipokea sauti visivyo na waya, na ruta za majirani.

Maarifa haya yalikusanywa hatua kwa hatua. Mwaka 1888, nchini Ujerumani, mwanafizikia mmoja alirusha mawimbi ya cheche za umeme ndani ya ukumbi wa mihadhara, akayawekea kizuizi cha bamba kubwa la zinki. Mawimbi yaligonga bamba yakarudi. Yaliyokuwa yakienda na yaliyokuwa yakirudi yalipokutana, mahali fulani yaliongezeana nguvu na mahali pengine yalifutana. Kwa kupima nafasi kati ya sehemu hizo alijua urefu wa wimbi. Mabati mengi tunayoezekea ni chuma kilichopakwa zinki, kwa hiyo jambo aliloliona ukumbini mle hutokea kila siku katika nyumba zetu. Ndiyo maana kompyuta ikisogezwa sentimita chache tu juu ya meza ile ile, mtandao unaweza kuimarika au kukatika.

Hatua kubwa iliyofuata haikuhusu wimbi, ilihusu zamu. Mwaka 1971, katika visiwa vya Hawaii, watafiti waliunganisha vituo vya kompyuta vya visiwa mbalimbali kwa redio, vyote vikitumia mkondo mmoja. Kanuni yao ilikuwa rahisi: kila kituo kirushe ujumbe kinapokuwa nao, jibu lisipokuja, kingoje muda wa kubahatisha kisha kirudie. Ilifanya kazi, lakini hesabu zilionyesha kuwa njia hiyo, hata katika hali yake bora, ingetumia asilimia 18 tu ya uwezo wa mkondo. Muda mwingine ungepotea kwa migongano na ukimya. Baadaye ikaongezwa kanuni nyingine: sikiliza kwanza. Wi-Fi ya leo hufanya kama wazee barazani: asemaye huachwa amalize, na wawili wakianza pamoja, kila mmoja hunyamaza kidogo kabla ya kujaribu tena.

Ilibaki shida ya mwangwi. Ndani ya nyumba, wimbi moja hugonga kuta, dari na kabati, likafika kwenye kompyuta mara nyingi kwa nyakati zinazopishana kidogo, na data ikavurugika. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Australia waliokuwa na uzoefu wa kuchambua mawimbi hafifu kutoka angani walikuwa miongoni mwa walioonyesha njia: badala ya kurusha mkondo mmoja wa kasi, data igawanywe katika vijito vingi vya polepole vinavyokwenda sambamba, kila kimoja kwenye masafa yake. Kijito cha polepole hakiharibiwi kirahisi na mwangwi. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, cha mwaka 1997, kilifikia megabiti 2 kwa sekunde. Kiwango cha mwaka 1999 kilichotumia vijito hivyo kiliruhusu hadi megabiti 54.

Sasa tuingie katika nyumba zetu. Katika mji mkongwe wa Lamu au Unguja, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinaweza kuwa na unene wa karibu nusu mita. Upana wa vyumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo vyumba vingi ni vyembamba na hufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Wimbi linalotoka chumba cha mbele hulazimika kupenya kuta nene kadhaa, nazo zikiwa na unyevu wa masika hunywa zaidi. Nyumba ya matofali ya bloku ni nafuu, lakini ya ghorofa ina sakafu ya zege yenye nondo, na hapo chuma na zege hushirikiana kuzuia. Nyumba ya mabati pande zote hutunza mawimbi ndani na kuyanyima nje. Anayetaka mtandao ufike banda la uani aweke ruta karibu na dirisha au mlango.

Kanuni zinazotokana na haya hazigharimu kitu. Ruta iwekwe katikati ya nyumba na juu, si chini ya meza wala nyuma ya televisheni. Isikae karibu na jokofu, tangi la maji au kioo kikubwa cha kujitazamia, kwa sababu nyuma ya kioo hicho kuna tabaka la metali. Chukua simu, tembea chumba hadi chumba, angalia nguvu ya mawimbi, hamisha ruta, kisha rudia. Katika mtaa wenye ruta nyingi, ingia kwenye mipangilio na uchague chaneli 1, 6 au 11 kwa gigahezi 2.4, ile isiyo na majirani wengi. Hizo tatu haziingiliani.

Kompyuta zikiwa nyingi, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kifaa kilicho mbali hupata mawimbi dhaifu, hivyo hushusha kasi yake ili kisikosee. Kikishusha kasi, ujumbe ule ule huchukua muda mrefu zaidi hewani, na wengine wote hungoja. Kompyuta moja iliyo chumba cha mwisho inaweza kuwapunguzia kasi hata walio kando ya ruta. Kuisogeza karibu ni kuwasaidia wote. Vilevile, kifaa kisichohama, kama kompyuta ya mezani au televisheni, kiunganishwe kwa waya wa mtandao, ambao hufanya kazi vizuri hadi mita 100. Kila kinachoondoka hewani huwaachia nafasi wanaobaki. Nyumba ikiwa kubwa, ruta ya pili iliyovutiwa waya kutoka kwa ya kwanza hufaa kuliko kifaa cha kurudia mawimbi, kwani kile cha bei rahisi hutumia mkondo ule ule kupokea na kurusha, na kasi hushuka karibu nusu.

Mama anayeendesha biashara nyumbani, iwe ya ushonaji au ya chakula cha kuagiza, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wana faida nyingine ambayo haisemwi sana. Mtandao wa nyumbani hauhitaji bando ili kompyuta za ndani ziongee zenyewe kwa zenyewe. Printa moja inaweza kutumiwa na wote. Hesabu za biashara zinaweza kunakiliwa kila jioni kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ili moja ikiharibika kumbukumbu zisipotee. Mitihani ya miaka iliyopita na vitabu vikipakuliwa mara moja na kuwekwa kwenye kompyuta moja, watoto watatu huvisoma bila kulipia data mara tatu. Zipo hata programu za bure zinazowezesha kuhifadhi Wikipedia ya Kiswahili nzima na kuisoma bila intaneti.

Mkulima mwenye ghala au banda la kuku mbali na nyumba anaweza kuvusha mtandao kwa jozi ya antena zinazotazamana. Sharti ni njia wazi kati yao. Shamba la migomba ni kikwazo kikubwa, maana mgomba umejaa maji, na majani yaliyolowa mvua huzidisha tatizo. Antena ziinuliwe juu ya majani, na masharti ya mamlaka ya mawasiliano yafuatwe. Kwa mvuvi tusiahidi kisichokuwepo. Wi-Fi ya nyumbani haimfuati baharini, na usalama wake huko bado unategemea redio ya chombo na vifaa vya uokozi. Faida yake iko kabla ya kushua: utabiri wa upepo na mawimbi ukisomwa vizuri kwenye kompyuta ya mtoto, uamuzi wa kwenda au kubaki huwa na msingi.

Tahadhari zipo. Mawimbi yanayopenya ukuta humfikia na jirani. Mfumo wa kwanza wa kuficha data katika Wi-Fi, uitwao WEP, ulithibitika kuwa dhaifu mwaka 2001, na ruta iliyobaki nao haifai. Chagua WPA2 au WPA3. Badilisha nenosiri la kiwandani, la Wi-Fi na la mipangilio, weka refu, na wageni wapewe mtandao wao tofauti kama ruta inaruhusu. Pokea masasisho ya programu ya ruta kila yanapotolewa.

Wazazi huuliza kuhusu afya, na swali lao ni halali. Nishati ya mawimbi haya, chembe kwa chembe, ni ndogo mno kuliko ya mwanga wa kawaida. Haitoshi kuvunja vinasaba kama mionzi ya eksirei inavyoweza. Ruta ya nyumbani kwa kawaida hurusha kwa nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya wati. Mwaka 2011 jopo la kimataifa la wataalamu wa saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, wakitazama zaidi matumizi makubwa ya simu sikioni, na wakakiri kuwa ushahidi ni finyu. Hadi sasa haijathibitishwa kuwa mawimbi yaliyo chini ya viwango vilivyowekwa hudhuru. Utafiti unaendelea, na anayependa kuzima ruta usiku hapotezi kitu.

Na sayansi ya sebuleni ina mpaka wake. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazohudumia Afrika Mashariki zilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Ruta ziliendelea kuwaka, Wi-Fi ilionyesha mistari yote, lakini intaneti ilidorora katika nchi kadhaa. Hakuna kuhamisha ruta kunakotibu hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua bando kubwa au kumpigia mtu simu, fanya jaribio moja. Unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima vifaa vingine, upime kasi. Kisha pima tena kwa Wi-Fi katika chumba kinacholalamikiwa. Kwenye waya kasi ikiwa nzuri na chumbani ikawa mbaya, tatizo liko nyumbani, na dawa yake umeisoma hapa. Ikiwa mbaya hata kwenye waya, rudia kwa siku kadhaa, andika saa na vipimo, kisha ipelekee kampuni. Mteja mwenye takwimu mkononi ni vigumu kumjibu kwa maneno matupu.