Tyubu Ipi ya Kuziba Wapi?

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka kuziba upenyo, mara nyingi utapewa "silikoni" bila kuulizwa unaziba nini. Swali hilo ndilo linaloamua kama hela yako itadumu.

Silikoni ya kawaida, yenye harufu ya siki, ni ya bei nafuu. Hushika kioo na vigae na huvumilia maji, kwa hiyo inafaa bafuni na kwenye sinki. Lakini asidi yake hula shaba na bati, na kwenye saruji hubanduka.

Silikoni isiyo na asidi ni ghali kidogo, ila hiyo ndiyo ya madirisha ya aluminiamu na mabati. Zote mbili hazishiki rangi.

Akriliki pia ni ya bei nafuu, na hupakwa rangi. Itumie ndani, kwenye fremu za milango na nyufa ndogo za ukuta. Palipo na maji ya mara kwa mara haidumu.

Poliyurethani ndiyo ghali zaidi. Hung'ang'ania zege na kunyumbuka nalo, hivyo inafaa nyufa za nje. Ipake rangi, maana jua huichakaza.

Sasa piga hesabu. Tyubu ya mililita 300 hujaza takriban mita 8 za mshono wenye upana na kina cha milimita 6. Vikifika milimita 10, unapata mita 3 tu. Upenyo mpana ushindilie kwanza kamba ya sponji, kisha uzibe juu yake. Utaokoa tyubu kadhaa.

Kabla ya kulipa, soma tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani iliyopitwa na wakati huenda isikauke. Fundi naye akwangue silikoni kuukuu yote, maana mpya haishiki juu yake, kisha asafishe na kukausha. Bafu lisiguswe na maji kwa saa 24.

Mshono ukifeli, utamlipa fundi upya, ununue tyubu nyingine, na pengine ukarabati dari iliyolowa. Kwa hiyo achana na bei nafuu kwenye bati, dirisha na zege. Bafuni na ndani ya nyumba, tyubu ya bei ya chini inatosha kabisa.